Wiski mbili za kiwanda kimoja, ladha mbali mbali

Mkuu, umeuliza inakuwaje chupa mbili za Springbank, kiwanda cha wiski cha Uskoti, umri uleule, zipishane ladha namna hiyo, na uanze na ipi. Jibu ni pipa. Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka 3, na pipa hilo mara nyingi huwa limeshabeba kinywaji kingine. Lililotoka Marekani, lililobeba Bourbon (wiski ya huko), lita 200 hivi, huacha vanila na harufu ya nazi. La sheri, mvinyo mkali wa Hispania, huleta zabibu kavu, viungo na rangi nzito.

Anza na wiski ya pipa la Bourbon. Sheri ikitangulia inafunika kila kitu.

Matoleo machache ya pipa moja mara nyingi hayapunguzwi maji, kilevi kinaweza kupita asilimia 55. Kwa hiyo nusa kwanza mdomo ukiwa wazi kidogo, onja tone, halafu weka maji kidogo kwa kijiko cha chai, zungusha glasi, unuse tena. Harufu zilizobanwa na ukali zinafunguka, na kwangu hapo ndipo utamu wote ulipo. Barafu achana nayo kabisa. Rangi nayo isikupumbaze: viwanda vingi huongeza karameli, ingawa Springbank hawaongezi.