Muulize Mama Bustani: bangi ya uani, taa ya usiku na ukungu unaoanzia ndani

Safari hii barua nyingi ni za mmea mmoja tu, nikaona nizijibu zote kwa pamoja badala ya kuzichomeka katikati ya nyanya na mchicha. Nawajibu wale ambao sheria ya wanapoishi inawaruhusu kupanda nyumbani. Wengine someni tu mjue, mikono iwe mifukoni.

SWALI: Mama Bustani shikamoo. Mi napenda kupanda vitu basi tu, siuzi, sigawi. Nina mbegu za bangi nataka niotesheze nyuma ya nyumba, rafiki yangu anasema saivi dunia nzima washaruhusu kupanda kwa matumizi yako mwenyewe. Ni kweli? – Mpenda Miche

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na huyo rafiki yako akikuponza hatakuja kukaa na wewe rumande. Nchi zilizoruhusu zinahesabika na kila moja ina masharti yake. Uruguay ilitangulia mwaka 2013, mimea 6 kwa nyumba lakini lazima ujisajili. Canada imeruhusu tangu Oktoba 2018, mimea 4 kwa nyumba nzima, yaani si kwa kila mtu, halafu ukihamia jimbo lake la Quebec hata huo mmoja huruhusiwi, kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu na mwaka 2023 Quebec wakashinda. Malta ni mimea 4 na isionekane na watu wa nje. Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea 3, na ni jukumu lake kuhakikisha watoto hawaifikii. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kupanda kwa matumizi yake mahali pake pa faragha.

Sasa angalia Tanzania, Kenya, Uganda, huko kupanda hata mche mmoja ni kosa la jinai, na "nilikuwa napenda tu kupanda" si utetezi. Halafu hili watu wengi hawalijui: Marekani majimbo kadhaa yameruhusu lakini sheria ya serikali kuu bado inakataza, kwa hiyo kama we si raia, hata kwenye jimbo lililoruhusu, bangi inaweza kukuharibia makaratasi yako ya uhamiaji kabisa. Na kama nyumba ni ya kupanga soma mkataba wako kwanza. Hukuniambia uko wapi, kwaiyo jibu langu ni hili, usiloweke hata mbegu moja mpaka umeisoma sheria ya hapo ulipo wewe mwenyewe, si kwa kuambiwa.

SWALI: Mama, mimea yangu imekuwa mirefu imenipita, majani ya kijani safi, lakini maua hakuna. Mwenzangu tuligawana mbegu zile zile, yeye mimea yake imeshachanua wiki 3 zilizopita. Nimeongeza mbolea mara mbili hamna kitu. Labda niseme tu kuna taa kubwa ya ulinzi nimeifunga ukutani, inawaka usiku kucha. – Nangoja Ua

JIBU: Mwanangu umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho! Hiyo taa. Bangi ni mmea unaosoma urefu wa usiku. Siku zikiwa ndefu unakua tu, unarefuka unatanuka, siku zikianza kufupika na giza likawa refu ndo unapata habari kwamba msimu unakwisha, unaanza kutoa maua. Na giza lenyewe linatakiwa liwe giza kweli, lisilokatwa katikati, maana kwenye majani kuna kemikali inayotambua mwanga, ukiumulika usiku hesabu inavurugika. Wako haujui kama msimu umefika, unaona mchana hauishi.

Zima taa, au ielekeze upande mwingine, au kama mimea iko kwenye ndoo ihamishe ikae upande wa pili wa nyumba. Usiwe unazima leo unawasha kesho, huko kuyumbayumba ndo kubaya zaidi, mmea jike ukisumbuliwa hivyo unaweza kuanza kutoa maua ya kiume humohumo. Na mbolea acha kabisa kwanza, mmea haukuwa na njaa.

Niseme na upande wa pili maana kuna msomaji mwingine analalamika mimea yake inachanua ikiwa haijafika hata gotini. Huyo yuko karibu na ikweta, kule mchana na usiku vinakaribia kulingana, saa 12 kwa 12 mwaka mzima, sasa mbegu ambayo asili yake ni kaskazini ikifika pale inadhani msimu umeshaisha tangu siku ya kwanza, inachanua ikiwa ndogo. Mbegu zenye asili ya ukanda wa joto zenyewe zimeshazoea. Halafu zipo zile zinazochanua kwa umri bila kujali usiku, damu yake imetoka kwa bangi ya porini ya Urusi ambayo mtaalamu wa mimea aitwaye Janischewsky aliieleza mwaka 1924 akaiita ruderalis.

SWALI: Majani yamenyong'onyea yote, yameinama kama masikio ya mbuzi, ya chini yanageuka njano. Namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. – Bila Kukosa

JIBU: Kosa mara moja moja. Mizizi inahitaji hewa kama wewe, udongo ukiwa tope muda wote inakosa pumzi inaoza, na mmea ambao mizizi imeoza unanyong'onyea sawasawa na mmea wenye kiu, kwaiyo mtu akiuona anaongeza maji tena. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na ubichi acha, kikitoka kikavu mwagilia mpaka maji yatoke chini ya ndoo. Kama ni ndoo inyanyue, baada ya siku chache mkono wenyewe utajua uzito wa ndoo yenye maji na uzito wa ndoo kavu. Na matundu chini yawepo, tena si moja.

La udongo nalo, umesema kwenye barua kwamba umeuchota karibu na gereji. Umwage. Bangi inanyonya metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu kutoka ardhini na kuzipandisha mpaka kwenye majani, wanasayansi wameshaijaribu mpaka kwa kazi ya kusafisha ardhi iliyochafuka, sasa we ukipanda kwenye udongo wenye oili chafu ujue unakuja kuvuta nini.

SWALI: Nina mimea minne, mmoja umetoa vitu kama vishada vya vijipira vidogo vya kijani, mingine imetoa vinywele vyeupe. Ni ugonjwa? – Wa Nne

JIBU: Hapana, huyo ni dume. Bangi kama mpapai, kuna dume na kuna jike, vile vijipira ni vifuko vya chavua na vinywele vyeupe ni vya jike vinavyosubiri chavua. Vifuko vikipasuka upepo unabeba chavua mbali sana, na jike akishachavushwa anageuza nguvu zake kwenye mbegu. Mtoe dume leo kabla vifuko havijafunguka, mvalishe mfuko kwanza ndo umkate, usimtikise. Isipokuwa kama unataka mbegu, hapo muache.

SWALI: Nilikata maua yangu nikakuta mawili yana kitu cha kijivu ndani. Nikakata sehemu mbovu nikaacha nzuri. Nimefanya sawa? – Nimekata

JIBU: Hapana mwanangu, na hili naomba mnisikilize wote maana ndo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na jike mmoja, ua lake la juu lilikuwa refu kama kiganja changu, zito, linanata. Asubuhi moja baada ya mvua ya siku tatu nikaona kijani kimoja (jani dogo) katikati ya ua kimekauka, kimoja tu, rangi ya kahawia, vingine vyote vizima. Nikakivuta kikatoka bila kushikilia chochote, kama kijiti kwenye majivu. Nikalipasua ua kwa vidole, ndani kote kijivu, unyoya mlaini, na nilipopumua karibu vumbi likaruka. Kwa nje lilikuwa zuri mpaka sekunde ile.

Huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis, uleule unaoozesha zabibu na stroberi. Unapenda maua yaliyoshonana, unyevu na hewa iliyosimama, na unaanzia ndani kwenye kikonyo ndo unatoka nje, kwaiyo ukiona doa ujue umechelewa. Kile ulichokiita sehemu nzuri kina mbegu za ukungu usizoziona. Tupa ua lote, weka kwenye mfuko ufunge, nawa mikono na osha mkasi kabla hujagusa jingine. Usije ukakausha ukavuta, hasa kama una pumu au kinga yako ya mwili iko chini, kuna ukungu mwingine, Aspergillus, unaingia mapafuni na wenye kinga ya chini unaweza kuwaua.

Mwakani acha nafasi kati ya mmea na mmea upepo upite, punguza majani ya katikati, mwagilia chini kwenye udongo si juu ya maua, tena asubuhi si usiku, na mvua za mwisho wa msimu zikija weka kipaa cha nailoni juu pembeni pakiwa wazi. Usipige dawa ya wadudu kwenye ua, iliyotengenezwa kuoshwa kwenye mboga haijatengenezwa kuchomwa na kuvutwa.

SWALI: Nina mtoto wa miaka 3 na mbwa. Ndoo ziko uani. Mmea mbichi una madhara? – Mama wa Mmoja

JIBU: Mbichi hauleweshi sana, maana kwenye jani bichi ile THC (kemikali inayolewesha) bado iko kwenye hali ya asidi, moto ndo unaigeuza. Lakini yaliyokaushwa, na zaidi yaliyopikwa kwenye keki au siagi, hayo ni hatari kweli, mtoto wa miaka 3 anaona keki tu, anakula nzima, na haimpandi papo hapo, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi ndo unaona amelegea na haamki vizuri. Mbwa naye hivyohivyo.

Kwaiyo uzio wenye kufuli kwenye ndoo, na yaliyovunwa yakae kwenye kabati la kufuli, juu, kwenye chombo ambacho hakifanani na chombo chochote cha chakula. Ikitokea amekula, hospitali saa ileile, usisubiri uone, na daktari akikuuliza amekula nini mwambie bangi, mwambie na kiasi na saa ngapi, usione aibu, wakipoteza muda kutafuta homa ya uti wa mgongo wakati we unajua jibu hilo utalijutia.