Ndoo ya trekta inyanyue bati, si mtu

Wiki iliyopita nimemaliza kuezeka upande wa pili wa banda langu la ng'ombe huku Ganda, Malindi, na hakuna aliyeanguka. Niacheni nijisifu kidogo, maana jana msomaji wa Kakuyuni alinitumia picha ya kijana wake kasimama ndani ya ndoo ya mbele ya trekta, kanyanyuliwa hadi usawa wa paa, nyundo mkononi, anacheka. "Kaka, nasi tunaezeka kama wewe!"

Kicheko kile nakijua. Nilikicheka mimi mwanzoni mwa 2021.

Makuti yalikuwa yamechoka, masika yanakuja, na kila anayefuga anajua ng'ombe wa maziwa hawezi kulala kwenye matope. Kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo siwasimulii, ni jasho tu. Ngazi yangu ilikuwa imeliwa na mchwa. Siku hiyo nilikuwa nimekodi trekta ya kuzoa samadi, na mwenyewe akaniambia, "Ngazi ya nini? Panda, nikunyanyue. Dakika tano tu."

Nikapanda. Kule juu kuna raha yake, jamani: minazi yote iko chini ya kidevu chako, unajiona bwana shamba kweli. Nilikuwa nimelaza bati la kwanza na kupiga misumari miwili simu yake ilipolia. Akajipinda kuitoa mfukoni, kiwiko kikagusa leva. Leva ile ile inayonyanyua, ukiisukuma pembeni inamwaga. Nikamwagwa kama mchanga. Nilidaka ukingo wa bati, ukanichana kiganja toka kidole cha shahada hadi kwenye mshipa wa mkono, nikaachia. Samadi ilinipokea, lakini kifundo cha mguu kilivunjika. Nilikaa na plasta wiki nane.

Kilichoniuma zaidi si mguu. Ni yule bwana kuja jioni kudai pesa ya siku nzima. "Si wewe uliyepanda?" Nililipa. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, ila mkono huu wenye kovu simpi.

Shemeji yangu alisema ni jicho la watu. Jicho gani? Ndoo ile imetengenezwa kuzoa. Mikono yake inashikiliwa na mafuta yaliyo ndani ya mabomba ya mpira, na bomba likipasuka inashuka bila kuuliza nani yumo. Tena ukiweka uzito mbele na juu, nyuma ya trekta kunakuwa kwepesi. Gurudumu moja likizama kwenye mchanga wetu huu, yote inalala.

Safari hii trekta ilibeba mabati peke yake. Tuliyafunga kamba, yakanyanyuliwa polepole, na hakuna aliyepita chini ya ndoo. Dereva nilimnyang'anya simu, akanuna, shauri yake. Watu walipanda kwa jukwaa la nguzo za mvinje, na ngazi mpya tuliilaza kwa kipimo cha fundi: kila mita nne kwenda juu, mita moja mguu wake utoke ukutani, na ncha ipite ukingo wa paa kama mita moja upate pa kushika. Juu ya bati unakanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu ndipo penye mbao chini yake. Lile bati la plastiki la kupitisha mwanga usilikanyage kabisa.

Tulianza alfajiri na kuacha upepo ulipochangamka. Bati la mita tatu la geji 30 ukilisimamisha kwenye upepo wa kusi ni tanga, na wewe ndiye jahazi.

Ndugu yangu unayeajiri vibarua, usiseme "wamezoea". Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakubebesha wewe mwenye kazi jukumu la usalama wao. Hata isingekuwepo, kijana yule ana mama anayemsubiri na chakula. Usimpandishe ndani ya ndoo. Narudia: usimpandishe, hata kwa msumari mmoja.

Yule wa Kakuyuni alinijibu kwa kidole gumba, hakuniridhisha, nikampigia leo asubuhi. Kijana ameshashuka, kazi imesimama, wanatafuta nguzo. Nimemwambia zangu zimelala nyuma ya banda, aje na pikapu kabla ya mchwa.