Simbilisi mzee anakonda na anakojoa damu

Pole sana, dada yangu wa Wete. Simbilisi wa miaka sita ni mzee kweli, lakini kukonda, mate kumlowesha kidevu na damu kwenye mkojo si uzee tu.

Kidevu ndicho kinachonipa wasiwasi. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote. Magego yakizidi humchoma ulimi. Mtazame: anaikimbilia pilipili boga, anaitia mdomoni, kisha inamdondoka. Huyo ana njaa, kutafuna ndiko kunakomshinda. Magego hayakatwi nyumbani, ni kazi ya daktari wa mifugo. Na damu pia mwambie, huenda ni mawe ya kibofu. Tafadhali usimpe amoksilini ya watu, hata chembe! Huua bakteria wa tumboni wanaomsaidia kusaga chakula, naye anaweza kufa.

Kwa sasa mpe ukoka mbichi uliooshwa, kwa wingi. Kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, basi kila siku apate pilipili boga na kipande kidogo cha pera, umkatie vyembamba. Mchicha upunguze. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Joto hili la kaskazi nalo, usimweke chini ya bati.

Akishindwa kutafuna, mlishe uji wa nyasi zilizosagwa kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu asipaliwe. Akigoma kula nusu siku, usingoje kesho, mpeleke.