Kuomba kumbukumbu za polisi na mahakama mkoani Mwanza: maelezo kwa mnaoanza kazi hii

Wengi wanaoanza kazi ya kufuatilia kumbukumbu za kesi hapa Mwanza, wawe wasaidizi wa kisheria, makarani wa ofisi za mawakili au waandishi wa habari, huamini kwamba ugumu wote uko kwa watunza majalada. Kwa kiasi fulani uko huko. Hata hivyo, maombi mengi hukwama kwa sababu ya namna yalivyoandikwa: mwombaji anaomba "taarifa za kesi ya fulani" bila kueleza anataka karatasi ipi, ina namba gani na inatunzwa na ofisi ipi. Karani aliyezungukwa na majalada hawezi kuifanyia kazi barua ya namna hiyo hata kama ana nia njema, na asiye na nia njema amepewa sababu ya kuiweka pembeni.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba shauri moja la jinai hubeba namba zaidi ya moja. Mlalamikaji anapotoa taarifa kituoni hupewa namba ya RB, yaani namba ya kitabu cha taarifa cha kituo. Jalada la upelelezi likifunguliwa hupata namba yake ya polisi, ambayo kwa kawaida ina herufi IR na mwaka. Na mashtaka yakifika mahakamani, masjala, yaani ofisi ya mahakama inayosajili na kutunza majalada, hulipatia shauri namba nyingine kabisa. Mteja akikuletea RB iliyokunjwa mfukoni, usiende nayo masjala ya mahakama ukitarajia kuonyeshwa jalada. Nenda kwanza kituoni, umwone mpelelezi au ofisi ya mkuu wa upelelezi wa wilaya, uulize kama jalada bado lipo kwao, limepelekwa kwa waendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, au limekwisha kufika mahakamani, na kama limefika, limesajiliwa kwa namba gani na katika mahakama ipi.

Kwa upande wa polisi, tofautisha karatasi ambazo mhusika hupewa kama sehemu ya huduma na zile zilizomo ndani ya jalada la upelelezi. RB na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni za kundi la kwanza, wala hazina malipo. Taarifa ya ajali ya barabarani, ile PF90 ambayo kampuni za bima huidai, huombwa katika ofisi ya usalama barabarani iliyoshughulikia ajali hiyo. Maelezo ya mashahidi na ripoti za mpelelezi ni habari nyingine: upelelezi ukiwa unaendelea usitegemee kuyapata kwa barua, na anayekuahidi kukupatia kwa njia ya uani anakuingiza matatani pamoja na mteja wako. Mshtakiwa ana haki ya kupewa nakala ya maelezo ya mlalamikaji kesi inapoanza kusikilizwa, na ombi hilo hupelekwa kwa mwendesha mashtaka mbele ya mahakama.

Kwa majalada ya zamani, lazima ujue pia jinsi mipaka ilivyobadilika. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na mwaka huohuo Ilemela ikapata halmashauri yake ikitengwa na Jiji. Mashauri ya Mahakama Kuu yaliyotoka Mara nayo yalisikilizwa Mwanza kabla mkoa huo haujapata masjala yake. Kwa hiyo muulize mteja mwaka wa tukio kabla ya kumuuliza mahali anapoishi sasa. Anayevuka ziwa kutoka Nansio kufuata karatasi moja anastahili kuhakikishiwa kwanza kwamba karatasi hiyo iko upande huu wa maji.

Mashauri ya ardhi huwachanganya wageni wa kazi hii kuliko mengine. Mtu atakuambia alishinda "mahakamani," kumbe uamuzi ulitolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina masjala yake na mwenyekiti wake. Soma kichwa cha karatasi yoyote aliyonayo, hata kama ni wito uliochakaa, kwa kuwa hapo ndipo chombo kilichosikiliza shauri kinapotajwa.

Ukifika kwenye nakala za mahakama, ongeza umakini, kwa sababu hapa tarehe ya barua inaweza kuokoa rufaa au kuiua. Barua huelekezwa kwa Hakimu Mfawidhi, au kwa Naibu Msajili ikiwa ni Mahakama Kuu, na itaje kila hati kwa jina lake: nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa shauri, hukumu, na kwa mashauri ya madai, tuzo, yaani hati ya amri inayotokana na hukumu. Peleka barua mbili, moja ibaki masjala na nyingine urudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka. Mimi sikubali kupokea jalada kutoka kwa msaidizi wangu bila karatasi hiyo kuwemo.

Anayekata rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45, lakini muda uliotumika kupata nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Utauthibitishaje muda huo bila barua yenye muhuri? Kwenye rufaa ya madai inayokwenda Mahakama ya Rufani, masharti ni makali zaidi: nakala ziombwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa, na nakala ya barua hiyo apewe mjibu rufani, ndipo Msajili aweze kutoa hati ya kuondoa muda wa kusubiri katika zile siku 60 za kuwasilisha rufaa. Msajili anatakiwa kuwa na nakala tayari ndani ya siku 90. Zikipita bila kuitwa, una siku 14 za kwenda kuzifuatilia mwenyewe. Rufaa itokayo Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ina siku 30, na sababu za rufaa hazihitaji kuambatanishwa na nakala ya hukumu, kwa hiyo kukaa nyumbani ukisubiri nakala ni kujimaliza.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi za umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Itumie unapotafuta taarifa za kiutawala, kama vile takwimu au miongozo. Haifungui jalada la upelelezi unaoendelea, wala faragha ya mtu mwingine. Kwa nakala za shauri, utaratibu wa mahakama yenyewe ndio wa haraka zaidi, na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure katika tovuti ya TanzLII. Angalia huko kabla ya kuandika barua yoyote. Mashauri ya watoto na ya makosa ya kujamiiana husikilizwa faraghani, kwa hiyo usiyaombe kama si mhusika au mwakilishi wake.

Malipo, pale yanapotakiwa, hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi huhifadhiwa pamoja na barua. Ukikabidhiwa nakala, zihesabu kurasa zake ukiwa bado dirishani, hakikisha muhuri na saini ya uthibitisho vipo, linganisha majina ya wahusika na namba ya shauri na yale yaliyomo katika barua yako, kisha andika tarehe uliyokabidhiwa. Kasoro iliyoonekana hapohapo hurekebishwa siku hiyo. Iliyogunduliwa Sengerema itadai barua nyingine.