Ekzosi ya Datsun 240Z: ya asili au ya kubandika?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya 1972. Mnunuzi anadai ekzosi si ya asili, nipunguze bei. Nitajuaje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia mbele, kwenye manifoldi, yaani kipande kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini. Ya kiwandani ni chuma cha kusubu, kizito, chenye uso wa chengachenga. Ukikuta mabomba sita yaliyochomelewa, hiyo ni ya kuongeza mbio. Ifungue utazame matundu yake: hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya L24, injini ya 240Z, yenye chapa E31 au E88, hutoa moshi kwa matundu ya mraba. Manifoldi yenye matundu ya duara imetoka kwenye Datsun 280 za baadaye. Mimi niliwahi kuuziwa ya namna hiyo, muuzaji akiapa ni yenyewe. Iliniuma sana, basi usimwamini mtu, fungua.

Sailensa ni jambo dogo. Za awali zilikuwa chuma cha kawaida, na chumvi ya pwani haikuziacha. Sumaku isiponata, ni ya baadaye.

Gari la aina hii lilishinda Safari Rally 1971 na 1973. Manifoldi ikiwa yenyewe, usikubali kupunguza bei kwa sababu ya sailensa.