Kabla hujakunja pleti, jua rola zilipita upande gani

Mwaka wangu wa tatu karakana nilipewa kazi ya kukunja vishikio vya tenki kwa pleti (bamba nene la chuma) ya milimita 10, kwa pembe ya digrii 90. Ili chuma kisipotee nilivipanga kwenye pleti kama fundi cherehani anavyopanga kitambaa: vingine kwa urefu, vingine kwa upana. Vya kwanza vikatoka safi kabisa. Kisha kimoja kikalia, na mgongoni mwa kona pakawa na ufa ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kikafuata kingine. Nilimlaumu aliyetuuzia chuma, nikamfokea na kijana aliyekuwa kwenye mashine. Jioni, nilipovipanga sakafuni, nikaona vilivyopasuka vyote nilivikata mwelekeo mmoja. Kijana yule nilimwomba radhi.

Chuma kina salfa kidogo. Ikibaki na chuma peke yake hutengeneza kitu kinachoyeyuka mapema, na chuma hukatika kingali cha moto; ndiyo maana kiwandani huongeza manganizi, metali nyingine, iishike hiyo salfa. Zao lake, manganizi salfaidi, hubaki ndani kama vijipunje. Bonge nene la chuma likipitishwa kwenye rola likiwa jekundu, vijipunje hivyo navyo huwa laini, vikanyooshwa pamoja na chuma mpaka vikawa nyuzi. Chuma chenyewe kina sehemu mbili, feraiti laini na pearlaiti ngumu, na matabaka yake nayo hujipanga kufuata njia hiyohiyo. Pleti inayoonekana sawa pande zote, ndani ina nyuzi kama ukuni.

Unapokunja, upande wa nje wa kona unavutwa. Chuma na zile nyuzi havikushikana sana, hivyo vinaachana na kuacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Vitundu vinakua, vinafikiana, ufa unatokea. Mstari wa mkunjo ukienda sambamba na nyuzi, unazivuta kwa ubavu wake wote, na kitundu kinafunguka kwa urefu wa uzi mzima. Mstari ukizikata nyuzi, kila moja inavutwa kwa urefu wake, na pa kuanzia ufa ni kwenye vincha tu. Basi panga mkunjo uvuke nyuzi. Ukishindwa, angalau uende mshazari.

Na kama kazi inakulazimisha kukunja sambamba, ongeza nusu kipenyo cha ndani ya kona. Hesabu ya jinsi ngozi ya nje inavyonyooka ni nyepesi: zidisha nusu kipenyo mara mbili, jumlisha unene, kisha unene ugawe kwa jibu hilo. Pleti ya milimita 10 ukiikunja kwa nusu kipenyo cha milimita 10, ngozi ya nje inanyooka kama asilimia 33. Ukitumia milimita 30, inashuka hadi kama 14. Lainisha pia kingo zilizokatwa kwa gesi au mkasi, maana pale chuma kimekuwa kigumu na ufa hupenda kuanzia hapo.

Upande dhaifu kuliko zote ni wa unene, yaani kutoka uso wa juu hadi wa chini. Ukichomelea sikio la kunyanyulia juu ya pleti nene, weldi ikipoa inavuta pleti kwenda juu, nayo inaweza kuachana tabaka kwa tabaka chini ya weldi, ufa usionekane kwa nje. Kwa kazi ya namna hiyo kuna pleti zilizopimwa upande huo, zenye alama Z15, Z25 au Z35. Ni ghali zaidi, lakini pale mzigo unaponing'inia juu ya watu mimi sikubali nyingine.

Utajuaje nyuzi zinaelekea wapi? Pleti nzima kwa kawaida imenyooshwa kwa urefu wake. Kipande kilichobaki kikatie vijiti viwili, kimoja kila upande, uvikunje kwa ukali uleule mpaka kimoja kipasuke. Kilichopasuka mapema ndicho kilichokatwa kuvuka nyuzi, maana mstari wake wa mkunjo ulienda sambamba nazo. Siku hizi pleti ikiingia karakana, kabla ya kisu cha gesi kuigusa, tunachora mshale kwa chaki kufuata nyuzi, na kila kipande kinachorudi stoo kinarudi na mshale wake.