Barua kwa mwanangu: wageni wako wapande mlima mchana

Mwanangu mpenzi,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Unauliza wageni sitini wa Dar watafikaje shambani kwetu huku Soni, na kama wanaweza kutoka Mbezi alfajiri ya Jumamosi, waione ndoa, wale pilau, wageuze usiku uleule ili kamati isibebe gharama za malazi. Hapana, mama. Waje Ijumaa, walale siku mbili, waondoke Jumapili baada ya chai.

Kinachonitia hofu ni barabara. Hadi Mombo hakuna shida, ni Chalinze, Segera, Korogwe, lami moja kwa moja. Pale Mombo unaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda Usambara, kama kilomita 33 hadi Lushoto mjini, sisi tukiwa njiani. Lami ipo lakini ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na kona nyingine bila kupiga honi hujui nani anakuja. Usiku ndipo malori ya mboga yanaposhuka kuwahi masoko ya Dar, na ukungu nao hautabiriki. Dereva aliyeamka saa tisa usiku, akaendesha hadi huku, ashuke tena kona zile usiku na watoto wa watu nyuma? Siwezi kulala.

Kwenye harusi ya dada yako ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Koasta moja ilichelewa kutoka Dar, ikaanza kupanda jua linazama, injini ikachemka. Shangazi yako alikuwa ndani. Walifika baada ya Isha, ndoa imeshafungwa mchana, masufuria yameshaoshwa. Alilia, nami nikalia naye. Safari hii sitaki.

Basi koasta zitoke Mbezi saa 12 asubuhi Ijumaa. Wanaume wataswali Ijumaa Mombo, watakula hapohapo, na saa nane waanze kupanda. Alasiri wako kwetu na mwanga upo. Wanaotapika na wajawazito wakae mbele. Shukeni na gia ndogo Jumapili, mwambie dereva hivyo hata kama anajua. Na madereva wapewe vitanda. Huwa tunawasahau, wanalala kwenye viti vya gari, halafu tunawakabidhi roho zetu asubuhi.

Kulala: wakwe zako wazee watalala kwetu na kwa baba yako mdogo. Mgeni wa heshima halali gesti wakati mwenyeji ana kitanda, hata kama sisi tutalala mkekani. Vijana waende gesti za Lushoto mjini. Usiamini picha za simu. Kaka yako aende mwenyewe, afungue bomba, avute maji chooni, aguse godoro, ndipo alipe kianzio na kuchukua risiti. Afanye hivyo mwezi huu, kwani Agosti harusi ni nyingi huku.

Hapa shambani vyoo ni vya kuchuchumaa. Kuna mama wa miaka sabini mwenye magoti mabovu atakayekaa kutwa bila kunywa maji kwa sababu anaogopa choo, na hatamwambia mtu. Baba yako ameshakubali kujenga kimoja cha kukaa, karibu na jiko la nje, na njia yake atamwaga kokoto. Waambie wanawake wenye visigino virefu wabebe na ndala, maana turubai tutalifunga chini kwenye matuta ya maharage, tukishavuna.

Niletee majina mapema, na kando ya kila jina uandike nani ana presha au sukari, nani hawezi kupanda kilima, na nani anakuja na mtoto anayenyonya. Baridi ya Agosti unaijua. Majirani wameahidi mablanketi 18, mimi ninayo 11. Yaliyobaki nunua Kariakoo, yale mazito, uyatume na basi la Lushoto.

Mama yako